Kutua mzigo: mwongozo kamili wa kuhama kutoka ampu nzito kwenda modela kwa mpiga gitaa anayeumwa mgongo

Mgongo wangu ulishikwa saa saba za usiku, baada ya shoo, nikiwa nimeinama kwenye buti la gari. Ampu ilikuwa imesogea hadi ndani kabisa, nyuma ya stendi za maiki. Mkono wa kushoto ulikuwa na gitaa, kwa hiyo nikanyoosha wa kulia peke yake, nikakamata mpini wa juu na kuvuta huku nimejipinda. Kitu kikachoma chini ya kiuno kama msumari wa moto. Nilishindwa kusimama wima. Nilishikilia ukingo wa buti, jasho likinitoka, mpaka mpiga ngoma alipokuja kunishika bega. Wiki tatu sikugusa jukwaa.

Tangu hapo nimehamia modela, yaani kifaa kidogo cha dijitali kinachoiga ampu, na nimewasaidia wenzangu kadhaa kuhama. Wengine walirudi kwenye ampu zao ndani ya mwezi mmoja wakisema modela haina uhai. Nilipowauliza walivyoipanga, karibu wote walinijibu vilevile: nyumbani, usiku, kwa hedifoni. Hapo ndipo safari huharibika, na ndiyo maana sehemu ndefu zaidi ya mwongozo huu ni ya kupanga sauti. Suala la kuchagua kifaa nitalipitia haraka.

Hatua ya 1: Anza na mgongo wenyewe

Muone daktari au mtaalamu wa tiba ya viungo kabla hujatoa pesa yoyote. Maumivu ya kiuno yanayokuja baada ya kunyanyua vibaya mara nyingi hupungua ndani ya wiki sita, na ushauri wa siku hizi ni kuendelea kutembea na kufanya shughuli nyepesi badala ya kulala kitandani kutwa. Lakini zipo dalili zisizosubiri: ganzi kwenye mapaja ya ndani na sehemu za siri, mkojo kukataa kutoka au kutoka wenyewe, kushindwa kuzuia haja kubwa, au mguu kuishiwa nguvu. Ukiona mojawapo, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama una shoo jioni.

Nayaweka haya mbele kwa sababu modela haitibu mgongo. Inachofanya ni kukuondolea mzigo ili tiba ipate nafasi ya kufanya kazi.

Hatua ya 2: Jua unabeba kilo ngapi

Wapiga gitaa wengi hatujui uzito wa vyombo vyetu. Usipande mizani ukiwa umebeba ampu. Soma kitabu chake cha maelekezo. Fender Twin Reverb ya '65 inayotengenezwa sasa ina kilo 29 hivi. Vox AC30 yenye spika mbili ina kilo 32. Kabati la Marshall 1960A la spika nne za inchi 12 lina zaidi ya kilo 36, na hapo hujaongeza kichwa cha ampu.

Sasa linganisha. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inaanza hesabu yake ya kunyanyua mizigo na kilo 23. Hizo kilo 23 ni za mazingira bora kabisa: mzigo umegusa mwili, mikono yote miwili imeshika vizuri, hakuna kujipinda. Mzigo ukikaa mbali na mwili, kikomo kinashuka. Ukijipinda, kinashuka tena. Ampu yenye mpini mmoja wa juu, inayotolewa kwenye buti lenye kina kirefu na mtu aliyechoka, inavunja karibu kila sharti la hesabu hiyo.

Uzito huo si uzembe wa watengenezaji. Ampu ya valvu, yaani inayokuza sauti kwa mirija ya kioo, ina transfoma mbili au zaidi za chuma na shaba, spika zenye sumaku kubwa, na sanduku la mbao imara la kuvihimili vyote hivyo. Modela haihitaji transfoma ya kutoa sauti kwenye spika, na pawa ampu (sehemu inayoisukuma spika) za kisasa za aina iitwayo daraja D ni nyepesi kupindukia. Line 6 HX Stomp ina gramu 800 hivi. Quad Cortex ya Neural DSP haifiki kilo 2. Helix ya sakafuni, kubwa na yenye pedali yake ya mguu, ni kilo 6.6.

Andika orodha ya kila kitu unachobeba, pamoja na ubao wa pedali. Ubao wenye pedali kumi na sanduku lake gumu unaweza kufika kilo 12 au zaidi, na nimemwona mtu akiuza ampu kisha akaendelea kubeba ubao wote uleule pamoja na modela. Kama modela ina dilei, mwangwi na distoshoni ndani yake, bakiza pedali moja au mbili tu ambazo kweli huwezi kuziacha.

Hatua ya 3: Chagua njia kwanza, kifaa baadaye

Modela ni kompyuta ya kazi moja. Inapokea mawimbi ya gitaa, inayapitisha kwenye hesabu zinazoiga ampu, kabati la spika na maiki iliyosimama mbele yake, halafu inatoa sauti iliyokamilika kama ile inayofika kwenye mikisa, mashine ya kuchanganya sauti za bendi. Teknolojia hii imekomaa: POD ya Line 6 ilitoka mwaka 1998, Axe-Fx ya Fractal Audio ikafuata 2006, na Kemper Profiler ikaonekana 2011. Ukiwa na kifaa chochote kizuri cha miaka ya karibuni, msikilizaji aliye ukumbini hatatofautisha. Utakayeona tofauti ni wewe, na sababu yake nitaieleza hatua inayofuata.

Njia ziko nne.

Ya kwanza ni ampu nyepesi yenye sura na vitufe vya ampu uliyoizoea. Tone Master Twin Reverb ya Fender, iliyotoka 2019, inaiga Twin kwa njia ya dijitali na ina kilo 15 hivi, karibu nusu ya ile ya valvu. Hakuna menyu wala kujifunza upya. Kama huna subira na skrini, ishia hapa na usione haya.

Ya pili ni modela moja kwa moja kwenye mikisa, nawe unajisikia kupitia monita za jukwaani au monita za masikioni. Hii ndiyo nyepesi kuliko zote: gitaa mgongoni, modela kwenye mkoba. Inadai ukumbi wenye mitambo mizuri na fundi mitambo anayejua kazi.

Ya tatu ni modela pamoja na spika yako yenye umeme wake, ile ya masafa yote isiyopaka sauti rangi. Nyingi za aina hiyo zina kilo 8 hadi 17 kutegemea ukubwa. Unajisikia mwenyewe hata kama monita za ukumbi ni mbovu. Kwa mtu anayezunguka kumbi tofautitofauti, hii ndiyo ninayoipendekeza bila kusita.

Ya nne ni modela, pawa ampu ndogo ya daraja D, na kabati jepesi la spika moja ya gitaa ya inchi 12. Inakupa ile hewa ya ampu nyuma ya magoti. Ukichagua hii, kumbuka kuzima uigaji wa kabati kwenye njia inayokwenda kwenye spika yako na kuuacha uwake kwenye njia ya mikisa. Usipofanya hivyo sauti inapita kwenye makabati mawili, moja la kweli na moja la kuigwa, na inatoka kama mtu anayeongea ndani ya blanketi.

Hatua ya 4: Zoea kusikia upya

Hapa ndipo wengi wanaanguka, kwa hiyo tulia nami.

Ampu yako ya zamani ilikaa sakafuni na kupiga magoti. Spika ya inchi 12 hurusha sauti kali mbele kama tochi. Anayesimama mbele yake moja kwa moja anazipata zote, wewe uliyesimama pembeni na juu yake unapata sauti iliyolainishwa. Kwa miaka mingi umeamini kwamba sauti yako ni hiyo laini. Siku ukipiga modela kupitia monita inayokuelekea usoni, unasikia kwa mara ya kwanza kile maiki ilichokuwa ikikisikia siku zote, nacho kina makali. Modela haijakosea. Umebadilisha mahali pa kusikilizia.

Jambo la pili ni ukubwa wa sauti. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa Bell Labs walionyesha kwamba sikio halisikii masafa yote kwa usawa, na kwamba tofauti hiyo hubadilika sauti inapoongezwa. Kwa sauti ndogo, sikio hupoteza besi na sehemu ya trebo. Ndiyo maana mtu anayepanga nyumbani kwa sauti ya chini huongeza besi na trebo mpaka aridhike, akifika jukwaani besi inavuma kama pipa na trebo inakata masikio. Sauti za kati, ambazo ndizo gitaa huishi ndani yake, alishazipunguza. Anapotea ndani ya bendi na kulaumu kifaa.

Watu pia huuliza kuhusu ucheleweshaji. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, yaani sentimita 34 kwa kila milisekunde. Modela inayochelewa milisekunde 3 ni sawa na kusimama mita moja kutoka kwenye ampu. Ukiongeza kifaa cha kupeleka sauti ya gitaa bila kebo, na mikisa ya dijitali, kila kimoja huongeza chake, lakini kwa kawaida jumla bado ni ndogo kuliko umbali uliokuwa nao jukwaa likiwa kubwa.

Hatua ya 5: Panga sauti moja, kwa sauti ya shoo

Usifungue preseti za kiwandani, yaani mipangilio ya sauti iliyokuja na kifaa. Zimetengenezwa kukuvutia dukani ukiwa peke yako, zimejaa mwangwi na dilei. Anza na ukurasa mtupu.

Chomeka modela kwenye spika ileile utakayoitumia jukwaani, mahali utakapoweza kuipandisha hadi ukubwa wa mazoezi ya bendi. Chumba cha mazoezi kinafaa. Vaa viziba masikio pale unapobadilisha vitufe tu bila kusikiliza, kwa sababu kazi hii inachukua saa mbili na masikio yaliyochoka huongeza trebo bila wewe kujua.

Weka modeli ya ampu unayoijua, ile uliyokuwa ukibeba kama ipo. Vitufe viweke kama ulivyoviweka kwenye ampu yako. Kisha kabati moja na maiki moja. Wengi hutumia faili za IR, yaani picha ya sauti ya kabati fulani na maiki fulani, na hupotea humo kwa wiki nzima wakijaribu mamia. Jaribu tatu. Piga kodi ileile, kwa nguvu ileile, kwenye kila moja, chagua moja, funga folda.

Sasa shika ikwalaiza ya mwisho baada ya kabati. Kata besi chini ya Hz 80 hadi 100. Waya wa sita wa gitaa, E, uko kwenye Hz 82 hivi, kwa hiyo kilicho chini ya hapo ni mtetemo unaogombana na besi na ngoma ya mguu. Upande wa juu, kata kuanzia kHz 5 hadi 7. Spika halisi ya gitaa huporomoka yenyewe maeneo hayo, lakini spika ya masafa yote haiporomoki, na kile unachokiita ubaridi wa dijitali mara nyingi kinakaa hapo. Nakumbuka jioni niliposhusha kikomo hicho taratibu kutoka kHz 12, nikipiga G ya wazi kila mara. Kwenye 9 bado ilikuwa na mchanga juu yake. Kwenye 6.5 mchanga ukaanguka, ikabaki mbao na waya. Nikainua mkono kwenye kitufe na sijakigusa tena.

Gain, yaani kiasi cha mkwaruzo, ipunguze kidogo kuliko moyo unavyotaka. Mwangwi upunguze zaidi, ukumbi una wake.

Ukimaliza hiyo sauti safi, inakili, na kwenye nakala ongeza distoshoni ili upate ya pili. Ya tatu ni nakala ya pili yenye ongezeko la decibeli 3 hadi 4 kwa ajili ya solo. Sauti tatu zinatosha kwa shoo ya kwanza, na kwa watu wengi zinatosha kabisa. Linganisha ukubwa wake wakati bendi inapiga: sauti yenye distoshoni imebanwa na huonekana kubwa ukiwa peke yako, lakini bendi ikiingia, ile safi ndiyo inayopasua.

Mwisho, irekodi bendi kwa simu kutoka katikati ya chumba. Simu si maiki nzuri, ila itakuambia kama gitaa lipo au limemezwa.

Hatua ya 6: Zungumza na fundi mitambo kabla hujachomeka

Fika mapema, msalimie, umwambie maneno haya manne: una laini moja, ni mono, ni ya XLR (plagi ya pini tatu kama ya maiki), na sauti imeshakamilika kwa hiyo haihitaji maiki. Fundi aliyezoea ampu atafurahi, kwa sababu umemwondolea kelele ya jukwaani.

Toka kwa mono hata kama modela inatoa stereo. Katika kumbi nyingi upande mmoja wa watu utakosa nusu ya sauti yako.

Angalia kiwango cha kutoa. Modela nyingi hukuruhusu kuchagua kiwango cha maiki au cha laini. Kiwango cha laini kikiingia kwenye tundu la maiki, sauti inapasuka hata fundi akishusha. Mwombe pia azime umeme wa V 48, ule ambao mikisa hupeleka kwenye baadhi ya maiki, kwenye laini yako, isipokuwa kitabu chako kinasema modela inauhimili. Kukitokea muungurumo, tafuta swichi ya kukata ethi kwenye laini ya XLR, ambayo modela nyingi zinayo. Usiondoe pini ya ethi kwenye plagi ya umeme kwa sababu yoyote. Watu wamepigwa shoti kwa kugusa maiki na nyuzi za gitaa kwa pamoja.

Kama una spika yako, kitufe cha sauti cha spika hiyo kisiguse laini ya mikisa. Modela nyingi hukuwezesha kukifunga kitufe kikubwa kwenye tundu moja tu. Fanya hivyo nyumbani. La sivyo, kila ukijiongeza wewe, unaongeza ukumbi mzima, na fundi atakushusha hadi usikike kwa mbali.

Hatua ya 7: Jiandae kwa siku kifaa kitakapogoma

Umeme ukikatika kwa nusu sekunde, ampu ya kawaida hurudi karibu mara moja. Modela ni kompyuta, inawaka upya, na sekunde hizo jukwaani ni ndefu. Hakikisha plagi yako haichomolewi na miguu ya watu, funga kebo ya umeme kwa mkanda, na beba adapta ya ziada kama modela yako inatumia ya nje. Usisasishe programu ya ndani katika wiki ya shoo. Hifadhi nakala ya preseti kwenye kompyuta.

Beba pia kifaa kidogo cha akiba kinachoweza kuingia kwenye mikisa, hata pedali moja yenye uigaji wa kabati. Haizidi nusu kilo, na siku itakapohitajika hutajuta.

Hatua ya 8: Badilisha unavyobeba

Uzito umeshuka, lakini tabia ileile itaumiza mgongo uleule. Modela na kebo ziingie kwenye mkoba wa mabega mawili. Spika ipande kitoroli chenye magurudumu makubwa, kwa sababu madogo yanakwama kwenye kila kizingiti. Kwenye buti, kitu kizito kikae ukingoni na vyepesi viende ndani. Ukifika, kisogeze mpaka kiguse tumbo lako ndipo ukinyanyue, miguu ikielekea unakokwenda. Geuka kwa kusogeza miguu, kiuno kikae kimya. Safari mbili nyepesi ni bora kuliko moja ya kishujaa.

Ukiwa umekaa garini kwa saa nyingi, tembea dakika tano kabla ya kushusha chochote. Mgongo uliokaa umejikunja haupendi kushtukizwa.

Halafu liangalie gitaa lenyewe. Magitaa mengi ya aina ya Les Paul yana kilo 4 au zaidi, yakining'inia bega moja kwa saa tatu. Mkanda mpana wa sentimita 8 hadi 10 unasambaza uzito, na kiti kirefu kwa nyimbo mbili tatu katikati ya shoo hakimpunguzii mtu heshima.

Hatua ya 9: Usiuze ampu bado

Ipe miezi mitatu. Mwezi wa kwanza tumia modela mazoezini tu. Wa pili, kwenye shoo ndogo. Wa tatu, kila mahali, ampu ikibaki nyumbani.

Ukifika hapo na bado unataka kuiuza, ichukue kwanza sauti yake. Kemper na Quad Cortex zinaweza kunasa ampu yako mwenyewe jinsi ulivyoipanga, na programu huria ya Neural Amp Modeler inafanya hivyo kwa kompyuta. Nasa mipangilio miwili au mitatu unayoipenda, huku spika ikiwa imechomekwa au kifaa cha mzigo mbadala kikiwa mahali pake. Ampu ya valvu ikipigwa bila spika wala mzigo, transfoma ya kutoa sauti inaweza kuungua, na utakuwa umeiharibu siku unayotaka kuiaga.

Yangu sikuiuza. Imekaa kwenye chumba cha mazoezi, juu ya ubao wenye magurudumu manne, ikiwa na mpangilio uleule iliokuwa nao usiku ule, na mpangilio huo ndio ninaoubeba mkobani kwenda kwenye shoo.